Asante Imepokelewa

Habili Shekiondo alifikaje Radhini? Kwa njia, kama watu wote wanavyofika mahali. Alipanda, akashuka, akachoka, akafika, na anayetaka kujua zaidi ya hapo akamuulize dereva. La muhimu ni kwamba alifika akiwa na koo kavu na adabu nyingi, na katika nchi ile hakuna mchanganyiko wa hatari kuliko huo.

Kwao, Shekiondo alikuwa mshereheshaji. Harusi, ubatizo, maulidi, kuagwa kwa mwalimu mkuu anayestaafu, hata misiba ya watu wenye uwezo, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Sifa yake kubwa ilikuwa kutoa shukrani. Aliweza kumshukuru mpishi aliyeunguza pilau mpaka mpishi mwenyewe akalia kwa kudhani kapika vizuri. Sasa Serikali ya Radhini ilikuwa imemwalika aende kuongoza sherehe moja. Hakuambiwa ni sherehe ya nini, naye hakuuliza, maana mtu aliyealikwa kwa heshima haanzi kuhojihoji kama askari wa usalama barabarani.

Mpakani alipokewa kwa tabasamu. Afisa mmoja alitoka nyuma ya meza, akamkabidhi kigoda kilichovunjika mguu.

"Karibu Radhini. Hiki ni chako."

"Asante sana, bwana," alisema Shekiondo.

Papo hapo karani mwembamba aliyekuwa kaketi pembeni akagonga kengele na kutamka, "Asante imepokelewa." Shekiondo alicheka, akadhani ni mila ya kukaribisha wageni. Alipotaka kukiegemeza kigoda ukutani aendelee na safari, aliambiwa haiwezekani. Alishashukuru. Kigoda ni chake, na kisheria hawezi kukiacha, kukigawa wala kukirudisha. Basi akaingia nchi ya watu na begi begani na kigoda kibovu kwapani, akijiuliza ni wageni wangapi wameshapewa takataka za ofisi ile kwa mtindo huu.

Jambo la pili lililomshangaza ni matumbo. Mjini, kila aliyepishana naye alikuwa kaweka mkono tumboni: wauza nyanya, mapadri, wanafunzi, bibi harusi aliyekuwa anapita kwenye gari la wazi. Shekiondo akajisemea kimoyomoyo kwamba nchi hii ina ugonjwa wa kuhara, na akaapa kutokula chochote kisichochemshwa.

Alipelekwa moja kwa moja kwa Mheshimiwa Mapande, Waziri wa Mapokezi. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na mhudumu wake alipomletea chai hakusema asante. Alisema, "Imepokelewa." Mhudumu alipofunga dirisha kuzuia vumbi, alisema, "Imezingatiwa." Baadaye Shekiondo alikuja kuelewa kwamba viongozi wa Radhini hawashukuru kamwe. Wanafunzwa kutoshukuru kabla ya kuapishwa, na wapo waliofeli na kurudishwa kulima. Kushukuru kumeachiwa wananchi, ambao hushukuru kwa niaba ya pande zote mbili.

"Bwana Shekiondo," alianza Waziri, "tuna mto hapa. Unaitwa Bure."

"Jina zuri, Mheshimiwa."

"Jina la aibu! Wageni wakubwa wakija nawaambia nini? Huu ni Mto Bure? Kitu cha bure nani atakiheshimu? Ndiyo maana tumemtafutia Mhisani."

Ieleweke kwamba katika Radhini neno kampuni ni utovu wa adabu. Anayekuja kununua mali ya wote huitwa Mhisani, na anayeuza huitwa Mlezi. Mhisani alikuwa ameshakabidhiwa mabomba ya mji mzima miaka ya nyuma, na tangu hapo mabomba yalikuwa yanapuliza. Ukifungua, yanakohoa, yanapiga mluzi, kisha yanatoa upepo wa baridi kidogo. Wananchi walipolalamika, Wizara ilitoa ufafanuzi kwamba hewa ni maji yaliyo njiani, na kwamba mteja mwenye busara huyalipia maji tangu yanapoanza safari.

"Sasa," aliendelea Waziri, "wananchi wameacha mabomba, wanakwenda kuchota mtoni kwa ndoo. Mhisani analalamika, na ana haki. Mto unamharibia biashara. Kwa hiyo tunampa na mto. Kesho kutwa ndiyo Siku ya Kukabidhi. Sheria yetu ni rahisi, tena ya kizalendo: jambo likitangazwa mbele ya umma, na umma ukasema asante, limekwisha. Jua likizama kabla ya asante kusikika, jambo limekufa, na mimi sina ruhusa ya kulifufua. Wewe kazi yako ni kuwashukurisha. Kipaza sauti hiki hapa."

"Asante, Mheshi..." alisema Shekiondo, na hapo hapo akaziba mdomo, lakini kengele ilikuwa imeshalia nyuma ya pazia.

Basi akawa mtumishi wa Siku ya Kukabidhi, atake asitake, kama alivyokuwa mwenye kigoda.

Alitoka pale kichwa kinamzunguka, akafuata barabara mpaka kando ya mto, ambako mwanamke wa makamo alikuwa anauza togwa chini ya turubai. Jina lake Bi Sikudhani. Alimmiminia mgeni kata ya togwa baridi, akampa, na Shekiondo alipofungua kinywa kusema kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa angesema, yule mama alimchomeka andazi mdomoni kwa kasi ya ajabu.

"Tafuna kwanza," alisema. "Hapa kwetu watu wanapotea hivyo hivyo."

Shekiondo alitafuna. Andazi lilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nchi ile alijisikia yuko kwa binadamu. Aliuliza kwa nini watu wote wanashika tumbo.

"We kaka, hiyo si ndiyo kesi yetu yenyewe!" alisema Bi Sikudhani, akajivutia kibao na kuketi. "Unajua mabomba yalivyokwenda? Walituita uwanjani. Akasimama mtu wa Mhisani, kavaa tai, akasema, karibuni tuwahudumie maji yenu. Sasa wewe mtu akikukaribisha kitu usichokitaka, unasemaje?"

"Nasema asante."

"Sote tulisema asante! Kama unavyosema ukikuta watu wanakula na wewe njaa huna, au chakula chenyewe hukiamini. Karibu tule. Asante. Unapita zako. Kuna mtu amewahi kukukimbilia na sahani?"

"Hakuna."

"Basi sisi tulikimbiliwa."

Wananchi walikwenda kwenye Baraza la Tafsiri, ambalo ndilo mahakama kuu ya nchi ile, na kesi yao ilikuwa moja tu: je, asante ni ndiyo au ni hapana? Ilisikilizwa msimu mzima. Wakili wa wananchi alimleta shahidi, mama mkwe mmoja mwenye heshima zake, akamuuliza, "Mkwe wako akikukuta jikoni, ukamwambia karibu ule, akasema asante, unampakulia?" Mama akasema, "Simpakulii, amekataa. Nikimpakulia nitakuwa namchokoza." Watu walipiga vigelegele, wakaona kesi imekwisha. Ndipo akasimama wakili wa Mhisani, akauliza kwa upole, "Na wakati anasema asante hiyo, mama, mkono wake unakuwa wapi?" Yule mama, kwa kuwa ni mkweli, akajibu, "Unakuwa tumboni. Kunionyesha ameshiba."

Majaji wakaandika hukumu ndefu kuhusu mkono. Walisema asante ya kukataa ni halali kabisa katika Radhini, ni urithi wa mababu na lazima ilindwe, ila sharti iambatane na mkono tumboni. Ushahidi ulionyesha kwamba siku ile uwanjani wananchi wote walikuwa wamesimama mikono chini, kwa sababu mbele ya viongozi ndivyo mtu mwenye adabu anavyosimama. Kwa hiyo walikubali. Na tangu siku ya hukumu, Waradhini hawaondoi tena mkono tumboni, wasije wakakubali kitu kwa bahati mbaya. Serikali nayo haikulala. Ilitoa tangazo kwamba mkono tumboni ni dalili ya maradhi, na anayetaka utambulike kuwa ni kukataa aje na uthibitisho wa daktari kwamba ni mzima.

Shekiondo alicheka mpaka togwa likampalia. Kisha akaona Bi Sikudhani hacheki.

"Mto ukienda, kaka, mimi nimekwisha," alisema yule mama. "Togwa ni maji. Nyumbani bomba linanipulizia tu. Wanangu nitawapeleka nchi ya watu kwa shangazi yao, nami niwafuate nikawe mpishi wa mtu. Hapa nimezaliwa, siyo hospitali, hapa hapa ukingoni, mama yangu alikuwa amekuja kuchota. Ndiyo maana kesho kutwa hatushukuru. Wakitupa dhahabu, hatushukuru."

Ikawa hapana budi mgeni aseme ukweli. Alisema yeye ndiye aliyeletwa kuwashukurisha, na kwamba amefungwa na asante yake mwenyewe. Bi Sikudhani alitikisa kichwa.

"Pole," alisema. "Pole haimo kwenye sheria, nakupa bila wasiwasi. Njoo alasiri uone tunavyojifunza. Labda utajifunza nawe."

Umoja wao uliitwa Umoja wa Wasioshukuru. Jina hilo walipewa na Waziri mwenyewe, ambaye alisema redioni kwamba wananchi wale hawana shukrani. Wakalipenda, wakaliandika kwenye bango kwa rangi nyekundu. Alasiri walikusanyika uani kwa Bi Sikudhani, wake kwa waume, nao walikuwa wengi kuliko ua wenyewe. Mazoezi yalikuwa hivi: mmoja anampa mwenzake kitu kizuri, na aliyepewa anapokea na kunyamaza.

Yeyote anayedhani ni kazi nyepesi na ajaribu nyumbani kwake. Dada mmoja alipewa kitenge kipya, akakipokea, midomo ikaanza kumtetemeka, akalia kwa uchungu wa kukosa la kusema. Mzee Kanyenye, mwimbaji wa kwaya aliyestaafu, alipewa ugoro, akajitahidi, jasho likamtoka, mwishowe akasema "Bwana asifiwe," na pakazuka ubishi kama hiyo ni asante au si asante. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wameanza kuiga, wanapewa chakula na kuondoka kimya kama paka.

Na kama ilivyo kawaida ya watu wanaopigania jambo moja, waligawanyika. Kulikuwa na kundi la Waaksante, lililoshikilia kwamba sheria inataja "asante" tu, kwa hiyo mtu akisema "aksante", yenye k, hajasema kitu. Kulikuwa na Waahsante, waliotetea h. Makundi haya mawili hayakuamkiana. Waaksante waliwaita Waahsante vibaraka wa Mhisani, na Waahsante wakajibu kwamba k ndiyo iliyoiponza nchi tangu mwanzo. Kijana msomi alipendekeza iundwe kamati ya herufi, na kamati ingeundwa kweli kama Bi Sikudhani asingepiga sufuria kwa mwiko.

"Nyamazeni!" alisema. "Hilo tu ndilo tunalohitaji, kunyamaza, na hilo hilo limewashinda! Kaka mgeni, wewe umeshukuru maisha yako yote. Tuambie, neno hili linatokaje? Tulizibe wapi?"

Shekiondo alisimama. Ajabu, aliona aibu. Alifikiria harusi zote zile.

"Halitoki moyoni," alisema polepole. "Linatoka lenyewe. Mtu akipewa, mdomo umeshafunguka kabla hajajua amepewa nini. Kwa hiyo mdomo uupe kazi nyingine. Mkipewa kitu, semeni mmh."

"Mmh," walijaribu.

"Hiyo hiyo. Mmh ya mtu anayemsikiliza jirani asiyemwamini."

Wakaifanya mpaka ikakolea. Kwa mmh ile hata Waaksante na Waahsante walipatana, kwa kuwa haina k wala h.

Siku ya Kukabidhi, ukingo wote wa Mto Bure ulifurika watu. Jukwaa lilipambwa kwa vitambaa. Karani wa kengele aliketi mahali pa juu kuliko Waziri, kwa maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa na kazi. Watu wa Mhisani walipita wakigawa kofia, fulana, na khanga zilizoandikwa TUNASHUKURU KWA WEMA WAKO. Kwenye jua kali walileta kreti za soda baridi, zinatoka jasho. Umati ulipokea kila kitu.

"Mmh," ulisema.

Shekiondo alifanya kazi yake, kwa sababu alikuwa amefungwa, lakini aliifanya kama mtu anayesukuma gari huku kalikanyagia breki. "Ndugu zangu, tumeona mema haya, tuseme nini?" alipaza sauti. "Mmh!" walijibu maelfu kwa maelfu. "Sijasikia vizuri!" "MMMH!" Wengine walianza kufurahia, wakaipigia makofi. Mwakilishi wa Mhisani, kijana nadhifu mwenye viatu visivyoshika vumbi, alitabasamu bila kuacha na kufuta shingo kwa leso.

Mara Mzee Kanyenye akapiga chafya. Chafya kubwa ya mtu wa ugoro. "Afya!" walisema majirani zake kwa mazoea, na papo hapo wakaona walichofanya, maana mtu akiombewa afya anajibu nini? Ukingo mzima ukageuka kumtazama. Karani aliinua kinyundo. Yule mzee macho yalimtoka, mishipa ya shingo ikasimama, mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka, baada ya mapambano ambayo hakuna aliyeyatamani yampate, ilikuwa "Mmh." Watu wakambeba juu juu.

Jua likashuka. Lilibaki kidogo tu juu ya vilima vya ng'ambo, na Shekiondo aliona uso wa Bi Sikudhani mstari wa mbele, machozi yanamlengalenga. Naye mwenyewe alitaka watu hawa washinde kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote kwenye sherehe ya mtu mwingine.

Waziri Mapande alimwinamia kijana wa Mhisani, wakanong'ona. Kijana alitikisa kichwa, kisha akafikiri, kisha akakubali. Waziri akasimama, akamnyang'anya Shekiondo kipaza sauti.

"Wananchi wa Radhini!" alisema, na sauti yake laini ilikuwa na mtetemo wa mtu aliyeguswa. "Serikali yenu ni sikivu. Tumewaona. Tumesikia ukimya wenu. Ni nani angekuwa na moyo wa jiwe mbele ya umati huu? Sasa sikilizeni. Kwa mamlaka niliyonayo nimebadili uamuzi. Mhisani hapewi mto huu!"

Watu walishikana mikono. Hawakuamini.

"Hapewi! Mto huu nawapa ninyi! Kuanzia leo, Mto Bure, nawapa ninyi wananchi wangu, muuchote kwa amani!"

Nawapa. Shekiondo alilisikia neno lile likipita, dogo, lenye adabu zake, na akageuka kumtazama karani. Karani alikuwa ameinua kinyundo. Shekiondo akaelewa yote kwa mara moja, akakimbilia ukingo wa jukwaa akipunga mikono. "Msiseme!" alipiga kelele kwa sauti ya kawaida ya binadamu asiye na kipaza sauti. "Jamani, msi..."

"ASANTEEEEE!" ulipasuka umati wote. Ilitoka kwa wazee na wachanga, kwa Waaksante na Waahsante, kila kundi na herufi yake, asante iliyokuwa imebanwa vifuani kutwa nzima, na wengine waliirudia mara tatu kwa furaha, wakarusha kofia juu, wakapiga magoti. Mzee Kanyenye aliiimba kwa sauti ya kwaya.

Kengele ililia.

"Asante imepokelewa," alitamka karani.

"Karibuni," alisema Waziri, akarudi kuketi, akajipepea.

Ndivyo mto ulivyokwenda na maji. Maana sheria ya Radhini, iliyotungwa zamani na watu waliokuwa wakiuziana maboga sokoni, haina utata hapo: anayeshukuru amepewa, na aliyepewa hakuwa nacho. Mto ambao haukuwahi kuwa wa Waziri ulikuwa wake tangu kengele ilipolia, na wananchi walikuwa wageni waalikwa kwenye maji yao, kwa hisani, kwa muda ambao hisani ingedumu. Kijana wa Mhisani alikuwa ameshasogeza kiti karibu na Waziri, anamuuliza kwa heshima hisani ya namna hii kwa kawaida huchukua muda gani.

Chini ya jukwaa watu walikuwa wanacheza ngoma. Ushindi ulikuwa mtamu, na Shekiondo, aliyejipenyeza katikati yao, alikumbatiwa na watu asiowajua, wakampongeza kwa mmh yake. Alimkuta Bi Sikudhani amesimama peke yake. Pindo la khanga lilikuwa bado kati ya meno yake. Alikuwa ameling'ata kwa nguvu hata likatoboka.

"Hukusema," alisema Shekiondo.

Alitoa khanga mdomoni. "Ilifika hapa," akagusa koo. "Nilivyosikia nawapa, nikajiuliza, ametoa wapi? Ndiyo nikang'ata."

"Wenzako hawajajua."

"Hawajajua." Aliwatazama wakicheza. Dada wa kitenge alikuwa anazunguka na mtoto mgongoni, analia kwa furaha. "Niwaambie sasa hivi, kaka? Niwaambie, hivyo mnavyofurahi, mmeshauzwa?"

Shekiondo alitazama jukwaani, ambako Waziri alikuwa bado anajipepea.

"Nitawaambia kesho," alisema yule mama kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. "Watanichukia. Watasema Sikudhani hata akishinda haridhiki. Acha waseme. Kesho nitaanza na mmoja mmoja."

Akachukua ndoo yake, maana ngoma au si ngoma, togwa la kesho lilihitaji maji. Shekiondo alimfuata mpaka pale ukingoni ambapo njia ya kuchotea inaingia mtoni. Asubuhi pale hapakuwa na mlinzi. Sasa alikuwa amesimama askari, kijana mwenye sare mpya na sura ya upole, na alipomwona mama anakuja na ndoo alijitoa njiani, akamwonyesha maji kwa mkono wazi.

"Chota tu, mama," alisema. "Umeruhusiwa."

Bi Sikudhani alisimama. Alimtazama askari, akayatazama maji. Kisha akainama, akachota, akajitwisha, akapita mbele ya yule kijana bila kufumbua mdomo, bila hata mmh, akashika njia ya kwake.

Askari alingoja. Alipoona hageuki, alimtazama Shekiondo kwa mshangao wa kweli wa mtu aliyekosewa.

"Umeona, mzee?" alisema. "Watu wa hapa hawana shukrani kabisa."

"Mungu awazidishie," alisema Shekiondo.